Mwalimu Brown Anashuka Stendi ya Nyegezi

"Mwalimu, hapa watu wanacheka nini?"

Aliyeuliza ni mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Alikuwa ameushika ukurasa wa tatu wa muswada wangu wa mchezo wa kuigiza kwa vidole viwili, kama mtu anayeinua samaki asiyemwamini. Tulikuwa watu wanane kwenye ukumbi wa parokia tuliouazima Jumamosi alasiri, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa manung'uniko. Nikaanza kumweleza. Huyu ni Mchina, nikasema, anataka kusema hivi lakini anatamka vile, kwa hiyo mwalimu anaelewa vingine, kwa hiyo anashtuka, kwa hiyo… Nilipofika "kwa hiyo" ya tatu nikanyamaza mwenyewe. Kichekesho chenye "kwa hiyo" tatu kimeshakuwa somo la hisabati.

"Mimi Mchina simjui," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Namuonaga tu anapita na gari la reli. Namjua Mkurya. Namjua Mhaya. Nikuoneshe Mhaya anavyokopa dagaa?"

Akaonesha. Alisimama, akakunja mikono nyuma, akaliangalia gunia lisilokuwepo kana kwamba ndilo linalomdai yeye, halafu akaanza kwa kuuliza bei ya kitu kingine kabisa. Tulicheka mpaka mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, akatoka nje kukohoa. Nami nilikuwa nimetumia wiki tano kuandika kurasa kumi na nne ambazo hazikupata hata nusu ya kicheko kile.

Nieleze tulifikaje pale.

Miaka ya tisini, Mabatini tulikokuwa tunaishi, kulikuwa na kibanda umiza kimoja chenye runinga ya inchi kumi na nne na deki moja ya mikanda. Siku ambazo hakuna mpira wala Wachina wa kung fu, mwenye kibanda alikuwa anaweka mkanda wa darasa la jioni la Waingereza. Sisi watoto tuliuita "Maindi". Jina lake kamili, Mind Your Language, nililijua nikiwa sekondari. Iliandikwa na Vince Powell, ikaanza kurushwa Uingereza mwaka 1977, na Barry Evans ndiye aliyekuwa Mwalimu Jeremy Brown, kijana mpole anayefundisha Kiingereza watu wazima waliotoka kila pembe ya dunia. Kuna Kalasinga anayeomba samahani elfu moja kwa kosa moja. Kuna Mtaliano, Mhispania, Mfaransa anayeweza kumfanya mwalimu asahau somo, na mama mmoja wa Kihindi anayefuma muda wote. Juu yao kuna Bi Courtenay, mkuu wa chuo, ambaye mlango ukifunguka tu mgongo wa mwalimu unanyooka wenyewe. Vipindi 29 mpaka mwaka 1979, na vingine 13 mwaka 1986.

Jambo ambalo linanisumbua mpaka leo ni hili: pale kibandani hatukujua Kiingereza. Watoto wa darasa la nne na la tano, Kiingereza chetu kiliishia kwenye salamu ya kumsimamia mwalimu. Kichekesho chote ni cha Kiingereza kuvunjwa, sisi hata kizima hatukukijua, na bado tulikuwa tunaanguka kutoka kwenye mabenchi. Tulikuwa tunacheka nini?

Nimekuja kujibu swali hilo ukubwani, na jibu limenigharimu onyesho zima.

Baada ya sekondari nilikwenda chuo cha ualimu huko Pwani. Siku ya kwanza nikasimama kujitambulisha mbele ya darasa, nikasema "Habali zenu." Sikusikia kosa lolote. Darasa lilisikia. Miaka miwili niliitwa "Habali", na mimi ndiye niliyekuwa nasomea kufundisha Kiswahili. Sisi Wasukuma hatuna "r" katika lugha yetu ya nyumbani; ulimi unaitafuta, haiioni, unachukua "l" iliyo karibu. Leo nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, "r" yangu imekomaa, lakini nikikasirika inakimbia.

Kwa hiyo nilipopata kikundi cha watu wanaotaka kuigiza (wawili walimu, mmoja bodaboda, mstaafu wa reli, fundi cherehani, mama wa Mwaloni, na kijana aliyemaliza chuo akisubiri ajira), sikuhangaika kuchagua. Nilisema tunaleta lile darasa la jioni jukwaani. Mwalimu Brown anashuka stendi ya Nyegezi.

Kabla sijaendelea, niliweke hili sawa kwa sababu wameshaniuliza: hatukuchukua muswada wa mtu. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, na mimi ni mtumishi wa umma, sitaki kesi. Tulichokichukua ni wazo ambalo halina mwenyewe: watu wazima wamefungiwa darasani jioni, wamechoka, kila mmoja na sababu yake ya kuja. Maneno yote ni yetu.

Nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Uingereza kazi hii ya kuhamisha komedi ya runinga kuipeleka jukwaani imekuwa kama biashara ya mitumba: nguo ile ile, bega jipya. Yes, Prime Minister waliipeleka jukwaani Chichester mwaka 2010, na waandishi wale wale wa zamani wakatunga hadithi mpya kabisa. Only Fools and Horses waliitia nyimbo, ikafunguliwa London mwaka 2019. Fawlty Towers, ile ya hoteli ya Torquay na mwenye hoteli asiyependa wageni, ilikuwa na vipindi 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya 1979. John Cleese alichukua vitatu kati ya hivyo, cha wakaguzi wa hoteli, cha bibi kiziwi na cha Wajerumani, akavishona kuwa mchezo mmoja uliofunguliwa ukumbi wa Apollo, London, mwaka 2024. London sijafika. Lakini ushonaji ule naufikiria sana. Kwenye runinga kila balaa lilikuwa na wiki yake. Jukwaani yanamwagika yote juu ya kichwa kimoja, na hakuna wiki ya kupumzika.

Cha ajabu ni kwamba komedi za runinga zilitoka jukwaani tangu mwanzo. I Love Lucy, mwaka 1951, Wamarekani waliipiga kwa kamera tatu mbele ya watu waliokaa vitini wakicheka kweli. Chumba chenye kuta tatu, na upande wa nne watu. Ukiziondoa kamera, unabaki na mchezo wa kuigiza.

Na kwetu? Kwetu njia ilikuwa hiyo hiyo, ila tulikuwa tunaitembea bila kuipa jina. Vichekesho vya Tanzania vimelelewa jukwaani na redioni kabla ya runinga kuwepo. Waliokuwa watu wazima miaka ya themanini watakukumbusha vikundi vya Muungano na DDC Kibisa: usiku mmoja, tiketi moja, unapata ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Redioni kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Runinga binafsi zilipoanza Bara mwaka 1994, zilikuta wachekeshaji wameshaiva. Kaole kilikuwa kikundi cha sanaa, ITV ikakifanya kuwa miadi ya kila wiki. Hapa hapa Mwanza, Star TV ilitupa Futuhi, ikathibitisha kwamba lafudhi ya Kanda ya Ziwa inaweza kuchekesha nchi nzima bila kuomba ruhusa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa narudi kinyumenyume kwenye njia hiyo, kutoka kiooni kwenda kwenye mbao.

Sasa turudi kwa Mchina wangu.

Rasimu ya kwanza ilikuwa na wageni wanaojifunza Kiswahili. Niliona ni jambo linaloaminika. Musoma, pale Makoko, kuna shule ya lugha ambayo wamisionari wamejifunza Kiswahili kwa miongo mingi. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inajengwa na kampuni za China. Nikamwandika Mchina wa reli, sista wa Kitaliano, kijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Karatasini walikuwa hai. Mdomoni mwa waigizaji wangu wakafa wote, kwa sababu bodaboda wa Igoma akijifanya Mchina, anachokuonesha ni bodaboda wa Igoma anayemdharau Mchina. Aibu ikaingia chumbani, na aibu ikiingia kicheko kinatokea dirishani.

Baada ya mama kuigiza yule mkopaji, niliwaambia waende nyumbani, nikabaki na feni. Usiku ule nikakumbuka kwamba wengine walishapita hapa. Wamarekani walipoigeuza Mind Your Language mwaka 1986 walilifanya darasa kuwa la watu wanaotafuta uraia. Wahindi walipotengeneza ya kwao mwaka 1993, hawakuacha watu wajifunze Kiingereza. Waliwaweka wajifunze Kihindi. Nilikuwa nimeijua habari hiyo kwa miaka bila kuisikia inachosema. Inasema: lugha inayovunjwa jukwaani lazima iwe mali ya watu waliokaa chini. Nikumbushe pia kwamba Mwalimu Nyerere, alipotafsiri The Merchant of Venice ya Shakespeare mwaka 1969, yule mfanyabiashara wa kwenye jina alimwita "bepari", mabepari wa Venisi. Alijua wasomaji wake wa miaka ile ya Azimio la Arusha walikuwa wanagombana na nani.

Sisi tulikuwa tunagombana na nani? Mimi nilikuwa na jibu langu tangu chuoni.

Rasimu ya pili niliandika siku nne. Mwalimu Makame, mtu wa Pwani, Kiswahili kimenyooka kama reli, ameletwa Mwanza kufundisha Kiswahili sanifu jioni kwa watu ambao mtu fulani ofisini ameamua kwamba Kiswahili chao kinatia aibu. Ameshuka Nyegezi na begi moja na kamusi mbili. Wanafunzi: Shija, mkulima wa pamba aliyehamia mjini, Mzee Marwa, Mkurya, askari mstaafu, Mutalemwa, Mhaya, ambaye haelewi kwa nini yeye yupo upande wa wanafunzi, Mama Dagaa, na Bhai, muuza vifaa vya ujenzi, Mhindi aliyezaliwa Mwanza na anayeongea Kisukuma kuliko Shija. Mkuu wa chuo tukampa jina moja tu, Madamu. Kisa kizima ni uchaguzi wa kiranja wa darasa. Hatukuzungumzia uchaguzi mwingine wowote, naomba ieleweke.

Uchaguzi wa kiranja kwa sababu ya Shija na Marwa. Msukuma anaikimbia "r", Mkurya anaikumbatia, anaipaka hata pasipohitajika. Waweke kwenye dawati moja. Shija anasimama na kutangaza: "Kesho wote tunapiga kula." Marwa anapiga makofi: "Naam! Na tukimariza, tunakura chakura." Makame anaandika ubaoni, KURA upande huu, KULA upande ule, anageuka na kuomba kila mtu asome. Kila mtu anasoma sawasawa na alivyozaliwa. Hapo ndipo Mutalemwa anapoinua mkono kueleza, kwa Kiingereza, kwamba tatizo ni elimu ya msingi.

Mjadala wetu mkubwa ulikuwa hapa. Mmoja wa walimu wenzangu aliuliza kama hatuwatukani watu. Ni swali la haki. Ile ya Uingereza nayo ilipigiwa kelele kwamba kila taifa limefanywa kikaragosi, na ukiiangalia leo kuna mahali unatazama pembeni. Mzee wa reli ndiye aliyejibu. Alisema kwao mtani anaweza kuja msibani, akalala mahali pa maiti, akadai alipwe ndipo anyanyuke, na wafiwa wanacheka na machozi yakiwa hayajakauka. "Lakini mwanangu, mtani anazika pia. Anachimba kaburi na wewe." Tukachukua kanuni hiyo kama ilivyo. Hakuna anayechekwa kwenye mchezo wetu ambaye hapewi kazi ya kumzika mwenzake. Shija anakosolewa "r" dakika ya tano; dakika ya thelathini Makame ana homa kali, amelala chini ya ubao, na Shija ndiye anayembeba mgongoni mpaka barabarani akiita bajaji.

Na Makame naye lazima achekwe. Tunapenda kurudia ule mzaha kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Bara, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Mama Dagaa, kwenye mchezo, anausikiliza mpaka mwisho halafu anauliza kwa upole: "Na dagaa yangu inayokwenda Kongo, mwalimu, naiuzaga kwa lugha gani?" Kisha anamfanyia mtihani. Kayabo ni nini? Makame hajui. Mapanki? Hajui. Mabondo? Anabahatisha, anadhani ni magonjwa. Mtu wa Pwani mwenye kamusi mbili anaondoka sokoni bila kitoweo kwa sababu hajui kwamba sangara akishatiwa chumvi na kukaushwa anaitwa kayabo, kwamba mifupa inayobaki kiwandani baada ya minofu ni mapanki, na kwamba bondo lililo tumboni mwa sangara lina thamani kuliko saa yake ya mkononi. Sehemu hiyo aliiandika mama mwenyewe, yaani aliisema, mimi nikawa karani.

Hapo maneno yalikuwa yameshapatikana. Ikaja kazi ambayo hakuna aliyenionya.

Darasa ni umbo baya sana kwa jukwaa. Wanafunzi wanatazama mbele, mwalimu anawatazama wao. Ukiwaelekeza wanafunzi kwa watazamaji, mwalimu anakupa kisogo. Ukimgeuza mwalimu, unaona visogo vitano. Ukiwaweka upandeupande, kila mtu anaonekana nusu, kama picha ya kitambulisho iliyokatwa vibaya. Runinga haina shida hiyo: kamera moja inamtazama Ali, mwanafunzi mmoja wa lile darasa, nyingine inamsubiri Brown, na mtu chumba cha juu anabonyeza. Nikarudi kuangalia vipindi vya zamani kwenye simu, sauti nimeizima. Ndipo nikaona tulichokuwa tunacheka Mabatini. Mwanafunzi anasema upuuzi wake, lakini picha haikai kwake. Inakwenda kwa Brown, anafumba macho kidogo, anameza kitu. Kicheko kinakuja hapo. Sisi watoto tusiojua Kiingereza tulikuwa tunasoma uso wa mtu anayesikiliza. Ule uso ndio uliokuwa lugha yetu.

Sasa mimi nina ukumbi wenye viti mia na arobaini na mtu wa safu ya nyuma ambaye hawezi kuona kama Makame amefumba macho au anapiga miayo.

Tulijaribu kila kitu. Tulimwambia Makame azidishe: afumbe macho kwa mabega, ameze kwa magoti. Akawa kama mtu mwenye minyoo. Tulijaribu kumsimamisha juu ya meza. Mwishowe bodaboda akasema jambo, na alilisema kwa sababu alikuwa amechoka kusukuma ubao: "Kwani lazima ubao uwepo?"

Tuliutoa ubao. Tukaamua ubao upo hewani, pale ambapo ukuta wa nne ungekuwa, kati ya jukwaa na watu. Wanafunzi wanakaa wakiwatazama watazamaji moja kwa moja. Na Makame akashuka. Alifundisha kutoka kwenye njia katikati ya viti vya watu, mgongo wake kwa safu ya nyuma, akinyoosha chaki kuelekea jukwaani. Tukapoteza uso wake karibu wote. Tukapata nyuso tano zinazosikiliza kwa wakati mmoja: Shija akilitafuta neno, Marwa akilisubiri kwa hasira, Mama Dagaa akihesabu kitu kingine kabisa kwa vidole.

Na tulipata jambo tusilolipanga. Makame akiuliza swali kutoka katikati ya watu, watu wanajibu.

Nilipaswa kulijua hilo. Mabatini nilikokulia si mbali na Kisesa. Bujora, wakati wa Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma ya mwezi wa sita, makundi mawili ya wachezaji, Bagika na Bagalu, yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watu wanatembea. Kundi likipoa, linauona umati ukihama mbele ya macho yake, na hapo ndipo mtu anatoa nyoka, au nungunungu, au jembe linarushwa juu na kudakwa. Hadhira ya Usukumani haikai kimya kwa heshima. Kunyamaza kwetu ni hatua moja kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimeandika mchezo kwa watu wa London, watu wanaokaa.

Onyesho la kwanza tulifanya Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, kiingilio shilingi elfu tatu, watoto elfu moja. Walikuja kama themanini, na wengine waliingia kwa undugu. Dakika kumi za kwanza zilikuwa mbaya. Fundi cherehani, aliyekuwa Madamu, aliingia kabla ya zamu yake, akasema "samahani" kwa sauti yake ya kawaida, akatoka. Wakacheka wakidhani ndivyo ilivyo, na maonyesho yote yaliyofuata ikawa ndivyo ilivyo. Kwenye KURA na KULA ukumbi uligawanyika. Nusu walisoma na Shija, nusu na Marwa, kwa nguvu zote, na Makame akasimama katikati yao kama trafiki wa Buzuruga aliyepokonywa filimbi.

Halafu umeme ukakatika.

Ilikuwa katikati ya sehemu ya mabondo. Giza tupu. Nikamsikia Mama Dagaa anaendelea bila kusita, mtu aliyezoea kuuza kabla ya jua. Simu moja ikawashwa tochi, ikifuatiwa na nyingine kumi. Mwanzoni zilimulika jukwaa, anayeongea. Mama akauliza: "Sasa mwalimu, bondo ni nini?" Na zile tochi, sijui nani alianza, zikageuka zote. Zikaliacha jukwaa, zikamtafuta Makame kwenye njia, zikamkamata usoni. Jioni nzima walikuwa wameuona mgongo wake. Kijana wa watu hakuwa na la kufanya, mwanga umemjaa, neno hajui. Akafumba macho kidogo. Akameza.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile kwenye ukumbi, na hakukuwa na neno hata moja lililosemwa. Mabatini yote ilikuwa imerudi.

Jenereta ya parokia iliwaka baada ya dakika nane, na nitasema ukweli, iliharibu. Tulipomaliza, kijana wa chuo akataka usiku wa pili tuuzime umeme makusudi. Nikakataa. Usiku wa pili nikaona nilikosea, wa tatu tukajaribu: tukazima wenyewe, watu wakanung'unika, wakawasha tochi kwa uvivu, zikaelekea kila mahali. Walijua ni sisi.

Kilichobaki kunisumbua ni mwisho. Komedi ya runinga haina mwisho. Wiki ijayo Ali hajajifunza neno hata moja, na ndiyo raha yake. Lakini mtu aliyepanda daladala kutoka Buhongwa kuja kukutazama anataka arudi na kitu. Niliandika miisho minne. Makame anahamishwa. Makame anaoa. Darasa linafungwa. Katika mmoja wote wanafaulu, nikaona aibu nikauchana. Mama akasema, "Kwani kesho yake darasa lipo?" Nikasema lipo. "Basi waache waende nyumbani, wamechoka."

Tukaacha hivyo. Wanapiga kura, kila mmoja anatumbukiza karatasi kwenye sado ile ile ya kupimia dagaa, Makame ananyanyua sado ahesabu, kengele inalia, Madamu anafunga darasa. Kesho saa kumi na moja. Taa zinazimwa, sado imebaki juu ya meza.

Jumamosi iliyofuata walirudi watu kama ishirini wa wiki ya kwanza, wamelipa tena. Tulipoanza, sauti ya mwanamke safu ya tatu ikasema, "Hii si tumeshaiona?" Walikuwa wamekuja kuangalia sehemu ya pili. Walitaka matokeo. Sikuwa na sehemu ya pili, na baada ya onyesho hawakutoka. Mtoto mmoja wa miaka kama tisa akapanda jukwaani, hakumuuliza mtu, akalimwaga sado sakafuni.

Zilikuwa karatasi tano. Watu wazima wakamzunguka. Karatasi nne hazikuwa na kitu. Waigizaji walikuwa wanajifanya tu kuandika. Ya tano ilikuwa ya Mama Dagaa. Mtoto akaisoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno: kayabo nusu gunia, sado nne, amelipa elfu kumi, iliyobaki Jumatatu.

"Huyo ndiyo kashinda?" akauliza.

Mama akaichukua karatasi mkononi mwake, akaikunja, akaitia kwenye khanga. Alikuwa anaitafuta tangu jana yake.